Kabla ya Kumeza, Ulizia Habari za Mjomba

Ndugu zangu wa Kindu, wa Kasuku na wa Mikelenge, nanyi wa Alunguli ng'ambo ya mto, nina ombi moja, na bei yake ni ya daftari la shule. Linunueni sokoni, andikeni jina la ukoo kwenye jalada, kisha muanze kuingiza humo habari ambayo mpaka leo tumeiacha ipotee: nani kwetu alimeza dawa gani ikamgeuka, mwaka gani, na ilimfanya nini.

Habari hii tunayo. Shida ni kwamba huwa inasemwa matangani, wakati haiwezi tena kumfaa anayezungumziwa. Watu wameketi chini ya turubai, shangazi anakumbuka kwamba marehemu alipokuwa mdogo alipewa vidonge fulani, siku ya pili mkojo ukawa mweusi, macho yakaingia umanjano, ikabidi aongezewe damu. Mama mmoja wa upande wa ujombani anaitikia kwamba hata kaka yake yalimkuta hayohayo alipokuwa Kibombo. Chai inaletwa, maneno yanahamia kwenye nauli za wageni. Hakuna aliyeuliza vidonge vile viliitwaje. Hakuna aliyeng'amua kwamba visa viwili vilivyosimuliwa na watu wawili huenda ni kisa kimoja. Na hapohapo, miongoni mwa watoto wanaocheza nje, yuko mjukuu ambaye siku moja ataandikiwa dawa ileile na muuguzi asiyejua lolote kuhusu ukoo wake.

Kwamba mtoto hurithi pua ya babu au sauti ya nyanya, hakuna anayebisha. Tunarithi pia namna mwili unavyoipokea dawa na kuiondoa. Kidonge kikiyeyuka tumboni huingia damuni, na damu hukifikisha kwenye ini. Ndani ya ini vimo vimeng'enya vinavyoibadilisha dawa ili figo na utumbo viweze kuitoa nje. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa kufuata jeni tulizopewa na baba na mama, na jeni hizo hazifanani kwa watu wote. Kuna mwenye vimeng'enya vyepesi, kuna mwenye vizito, na kuna ambaye kimeng'enya fulani hana kabisa na hajawahi kujua, kwa sababu katika maisha ya kila siku hakimpungukii.

Angalieni kivuko chetu saa ya soko. Mitumbwi ikiwa mingi, watu wanavuka na ufuko unabaki wazi. Ikiwa miwili tu, abiria wanarundikana, na wengine wanazidi kufika. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye vimeng'enya vizito: dozi ya leo inaikuta ya jana bado imo mwilini, na ya kesho itazikuta zote mbili. Kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ni sahihi, muuguzi hakukosea, mgonjwa hakudokoa kidonge cha ziada, lakini dawa imezidi.

Mfano wa kale na ulio wazi ni isoniazidi, inayotibu kifua kikuu tangu 1952. Mapema kabisa madaktari waliona kwamba wagonjwa waliopewa kipimo kilekile hawakulingana dawa ilipopimwa damuni mwao. Ikabainika kwamba kuna kimeng'enya kinachoitwa NAT2, na kwamba kasi yake hurithiwa. Kwa mwenye kasi, nusu ya dawa huondoka damuni kwa kama saa moja hivi; kwa mzito inachukua saa mbili hadi tano. Katika sehemu nyingi za Afrika, kama ilivyo Ulaya, wazito ni karibu nusu ya watu wote. Kwao isoniazidi hujikusanya na kuuzuia mwili usiitumie vizuri vitamini B6, ndipo nyayo zinaanza kuwaka moto na vidole kufa ganzi. Dawa yake ni nyepesi mno: vidonge vya vitamini hiyo hiyo, ambavyo mgonjwa hupewa pamoja na matibabu. Lakini anayeamini kwamba miguu yake inaungua kwa sababu amekanyaga kitu alichotegewa njiani hatamwambia muuguzi. Ataacha vidonge, atatafuta wa kumtegulia, na kifua kikuu kitarudi na nguvu mpya.

Kwa dawa nyingine mambo huenda kinyume. Kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi, yenyewe haina nguvu kubwa. Mwili ndio unaoigeuza kuwa mofini. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya CYP2D6, na kuna watu wenye nakala za ziada za jeni yake. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa Waethiopia, wakaona kwamba 29 katika kila 100 walikuwa na nakala hizo za ziada. Mtu wa namna hiyo hutengeneza mofini nyingi kwa muda mfupi, na mtoto anaweza kulala usingizi akapungukiwa pumzi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba kodeini asipewe mtoto wa chini ya miaka 12, na ikasema hivyohivyo kuhusu tramadoli kwa maumivu. Mama anayempunguzia mwanawe maumivu kwa nusu ya kidonge cha tramadoli cha kaka mkubwa anafanya kwa huruma. Naomba huruma hiyo ipate maarifa haya.

Wale waliowahi kutumia efavirenzi dhidi ya virusi vya ukimwi wanakumbuka ndoto za kutisha na kizunguzungu. Watafiti wa Harare, Kampala na Dar es Salaam walionyesha kwamba waliosumbuka sana mara nyingi walikuwa na jeni ya CYP2B6 ya aina nzito, ambayo ni ya kawaida sana kwetu Waafrika. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeitanguliza dolutegraviri badala yake. Ilikuwa imepita miaka mingi ya watu kuambiwa kwamba wanalalamika tu.

Sasa nije kwenye kile ambacho, kwa maoni yangu, kila nyumba ya Kindu ingepaswa kukijua kama inavyojua habari ya selimundu, ya SS na AS. Kuna kimeng'enya kingine, hiki hakikai kwenye ini peke yake, kimo ndani ya seli nyekundu za damu, nacho kinaitwa G6PD. Kazi yake ni kuzikinga seli hizo zisiharibiwe na kemikali kali. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu milioni 400 duniani wana upungufu wake, na wengi wao wako mahali penye malaria, au babu zao walitoka huko. Sababu ni ileile iliyoiacha AS ienee: upungufu huu hutoa kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo katika nchi ya mbu wengi kama yetu, waliokuwa nao waliishi wakazaa. Haukuja kama laana. Uliwaokoa wazee wetu.

Mwenye upungufu huu kwa kawaida hana dalili yoyote. Analima, anapiga mpira, anapiga kasia kuvuka mto. Kisha anapewa dawa ya aina fulani na seli zake nyekundu zinaanza kupasuka. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu anajisikia mnyonge, mgongo unamuuma, macho yanakuwa ya manjano, mkojo unageuka mwekundu mzito au mweusi. Rangi hiyo ni ya damu iliyovunjika ikichujwa na figo. Wengine hupita salama, wengine huhitaji kuongezewa damu haraka, na figo za wachache husimama.

Kuna jambo moja ambalo limetupotosha sana. Katika aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, seli changa za damu huwa bado zina kimeng'enya cha kutosha; zinazopasuka ni zile kuukuu. Zikishakwisha, mwili huleta changa, na hali inaanza kutengemaa kuanzia kama wiki moja na kuendelea. Basi mgonjwa aliyetolewa hospitali siku ya tatu akapelekwa kwa mtu wa mizizi anaanza kupata nafuu siku ya nane au ya kumi, na sifa zote zinaenda kwenye mizizi. Mbaya kuliko hilo, katika siku zile saba za hofu watu wameshatafuta aliyemtilia sumu. Mkojo mweusi baada ya kula kwa jirani: jirani ameshaponzeka. Mkojo mweusi nyumbani kwa mke wa pili: huyo mama ameshafungasha. Nawasihi, kabla ya kumtaja mtu kwa jina, tajeni kwanza dawa zote alizomeza mgonjwa katika siku tano zilizopita, pamoja na zile za kienyeji. Kuna watu wema katika mji huu wanaoishi na doa ambalo lilistahili kuandikwa kwenye pakiti ya vidonge.

Elimu hii ilipatikana kwa njia ambayo haipendezi kuisimulia, na lazima isimuliwe. Jeshi la Marekani lilipokuwa likitafuta dawa za malaria, majaribio yalifanywa kwa wafungwa wa gereza la Stateville katika jimbo la Illinois. Wafungwa weusi walipewa primakwini, na baadhi yao damu ikavunjika. Kwa kufuatilia hilo, mwaka 1956 Carson na wenzake wakatangaza kwamba chanzo ni upungufu wa G6PD. Mwaka uliofuata Arno Motulsky wa Seattle aliandika kwamba madhara mengi ya dawa huenda yanatokana na jeni, na mwaka 1959 Mjerumani Friedrich Vogel akaipa elimu hiyo jina, famakojenetiki. Motulsky hakuishia kwao. Pamoja na Joseph Vandepitte na Fraser alichunguza damu za Wakongo wa makundi mbalimbali, akilinganisha upungufu huu, selimundu na malaria, na matokeo yakachapishwa 1966. Damu yetu basi imo katika misingi ya elimu hii kwa karibu miaka sitini. Ni haki yetu nasi tule matunda yake.

Sasa nieleze kwa nini nimemtaja mjomba kwenye kichwa cha makala. SS humpata mtoto anapopokea jeni kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Jeni ya G6PD ina njia yake. Imekaa kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume ana X moja tu, aliyopewa na mama. Baba hampi mwanawe wa kiume upungufu huu hata akiwa nao. Mama ana X mbili. Anaweza kuwa na moja yenye kasoro na nyingine nzima, akaishi maisha yake yote bila kujua, kisha kila mtoto wa kiume anayemzaa akawa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Wanawake nao huweza kuathirika, hasa aliyepokea jeni hiyo pande zote mbili, lakini wanaume ndio wengi. Kwa hiyo ukitaka kujua hatari ya mwanao wa kiume, wa kwanza wa kuuliziwa habari ni kaka wa mama yake. Kisha ulizia wana wa dada za mama, na babu mzaa mama.

Na hapa ndipo mila zetu zinapotuficha. Koo zetu nyingi za Maniema zinahesabu kizazi kwa baba. Mtoto anajua majina ya mababu wa upande huo mpaka kizazi cha tano, naye mjomba anamwona kwenye sherehe, labda anaishi Kasongo au Punia. Mama ameolewa mbali na kwao, habari za ndugu zake zimebaki huko alikotoka. Kwa ugonjwa huu, ukurasa wa thamani kuliko zote ni ule ambao ukoo wa baba haukuwa na sababu ya kuutunza. Ndiyo maana nawaomba akina mama muwe wa kwanza kushika kalamu. Pigieni simu kwenu. Ulizeni: kuna mtoto wa kiume aliyewahi kukojoa damu baada ya dawa? Kuna aliyezaliwa akawa wa manjano mpaka akawekwa chini ya taa, au akafa kwa umanjano huo? Kuna aliyeambiwa na daktari, popote pale, asitumie dawa fulani tena?

Dawa zenyewe za kuhofia si nyingi. Primakwini kwa dozi za siku nyingi mfululizo ndiyo inayojulikana zaidi. Dapsoni, iliyomo katika matibabu ya ukoma, ni nyingine. Nitrofurantoini ya ugonjwa wa njia ya mkojo ni ya tatu. Na metilini bluu nayo imo. Dawa zetu za kila siku za malaria, artesunati na amodiakwini, au artemeta na lumefantrini, haziko katika orodha hiyo. Kuna kitu kingine ambacho hakiuzwi kama dawa na kwa hiyo hakuna anayekiogopa: naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa sandukuni kufukuza mende na nondo. Nguo za mtoto zikikaa nazo miezi, kisha akavishwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, mvuke wake unatosha kuvunja damu yake na kumletea umanjano unaoweza kuharibu ubongo. Mama mjamzito aliyehifadhi nguo za mtoto wa kwanza kwa ajili ya wa pili, naomba atoe naftalini leo, azifue nguo zote kwa sabuni, azianike juani siku kadhaa. Bibi aliyezipanga vizuri sandukuni hakufanya ubaya. Aelezwe kwa heshima.

Kisa cha Lapdap hakijasimuliwa kwetu vya kutosha. Ilikuwa dawa ya malaria ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa kuifikiria Afrika, ikaidhinishwa 2003. Ndani yake mlikuwa na dapsoni. Majaribio makubwa kwa watoto wa nchi kadhaa za Afrika yalionyesha kwamba waliokuwa na upungufu wa G6PD walipungukiwa damu kwa kiasi cha kutisha, na mwaka 2008 kampuni ikaiondoa sokoni. Dawa iliyokusudiwa watoto wa Kiafrika ilishindwa na upungufu uliojulikana tangu 1956 na ulioenea sana Afrika. Ukitaka kujua kwa nini nahimiza kuandika, ni kwa sababu hiyo. Jambo linaweza kujulikana na bado lisifike panapohusika.

Lakini maarifa hayaji kututia woga tu. Hufungua pia milango. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo ya primakwini ili mbu wasiendelee kusambaza malaria kutoka kwa mgonjwa, na likasema kwamba kwa kipimo hicho kidogo hakuna haja ya kupima G6PD kwanza. Wengi walisita kuwapa watoto. Ikabidi pafanywe uchunguzi, na ulifanywa kwetu: watoto wa Kinshasa na wa Mbale, Uganda, wenye upungufu na wasio nao, walifuatiliwa kwa makini. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba dozi hiyo moja ni salama hata kwa wenye upungufu. Wazazi wa Kinshasa waliokubali watoto wao wafuatiliwe wametoa jibu linaloweza kuzifaa na nchi nyingine.

Kwa hiyo nasema kwa sauti, hasa kwa msomaji atakayefunga ukurasa huu akiwa na wasiwasi: usiache dawa uliyoandikiwa. Anayetibiwa ukoma, kifua kikuu, au anayeishi na virusi vya ukimwi aendelee, na akiona dalili yoyote aende kwa muuguzi siku hiyo hiyo akiwa na pakiti mkononi. Kifua kikuu kinaua watu wengi mno kuliko isoniazidi. Tena mkojo mweusi una sababu nyingi. Malaria kali yenyewe huuleta, na homa ya mkojo mweusi imehusishwa kwa muda mrefu na kwinini pia. Kazi ya kutofautisha ni ya daktari na maabara. Kazi yako ni kufika mapema na kusema ukweli wote, pamoja na vidonge ulivyonunua njiani bila kumwambia mtu.

Wala mtu asije akasema kwamba huu ni ugonjwa wa Walega, au wa Wakusu, au wa Wagenya. Jeni hazikai katika mipaka ya makabila. Kindu ni mji wa mto na reli, watu wamekuja hapa kutoka kila upande wakaoana kwa vizazi vingi. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walisoma jeni zote za Waafrika 426 wa makundi 50 ya lugha, wakakuta tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Tofauti ndani ya nyumba moja inaweza kuwa kubwa kuliko inayodhaniwa kati ya kijiji na kijiji. Ndugu wawili, tumbo moja, mmoja akameza akapona na mwingine akazimia: hiyo ni kawaida kabisa, na ndiyo maana hupaswi kumpa ndugu yako vidonge vilivyokufaa wewe.

Nina neno kwenu mnaouza dawa, kwenye famasi zenye vioo na kwenye meza za sokoni. Mteja akitaka vidonge vinne kwa sababu franka zake ni za vinne, mnamkatia, mnamfungia kwenye kikaratasi, anaondoka. Naelewa, mifuko yetu ndivyo ilivyo. Lakini kikaratasi hicho hakina jina la dawa. Vikimdhuru, hata akiwa na daftari zuri kiasi gani, ataandika nini? Vidonge vyeupe vya duara? Karibu vyote ni vyeupe vya duara. Tafadhali andikeni jina kwa kalamu, herufi kubwa, jina la dawa yenyewe na si la biashara peke yake, na ukali wake kwa miligramu. Ni kazi ya nukta chache. Na wewe mnunuzi, usiondoke kabla hujaona limeandikwa.

Wauguzi na madaktari wetu, kwenye Hospitali Kuu ya Rufaa na kwenye vituo vya afya hadi kule ambako dawa hufika kwa baiskeli, najua mzigo mlio nao. Swali moja tu liongezwe kabla ya kuandika: katika familia yenu, hasa upande wa mama, kuna aliyewahi kudhurika na dawa? Na likitokea tatizo, jazeni fomu ya taarifa ya madhara ya dawa, hata kama hamna hakika. Kongo ina Kituo cha Taifa cha Farmakovijilansi, yaani cha kufuatilia madhara ya dawa, Kinshasa, na taarifa za nchi zinakusanywa kwenye hazina ya dunia iliyoko Uppsala, Uswidi, katika mpango ulioanzishwa 1968 baada ya dawa ya thalidomidi kulemaza maelfu ya watoto tumboni. Hazina hiyo huona tu kile kinachoandikwa. Mgonjwa wa Kindu ambaye hakuandikiwa fomu, kwa dunia hakudhurika.

Kwa Chuo Kikuu cha Kindu, na kwa wanaoshika afya ya jimbo: vipimo vya G6PD vipo vinavyotumia tone moja la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika chache, bila maabara kubwa. Kiwepo walau kimoja mjini hapa, kianze na watoto wachanga wenye umanjano na wagonjwa wanaoanza dapsoni. Wanafunzi wa tiba wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo, mada ni hii, iko mlangoni kwenu. Maimamu siku ya Ijumaa, mapadre na wachungaji siku ya Jumapili, watangazaji wa redio zetu: mna masikio ya watu, tupeni dakika tano.

Nirudi kwenye daftari, maana bila utaratibu litakuwa kama mengine yaliyoanza vizuri. Kila tukio lipewe ukurasa wake. Andikeni jina la mtu na uhusiano wake: mjomba wa fulani, binti wa dada wa fulani. Andikeni mwaka, hata kwa kukadiria. Andikeni jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, na kama pakiti ipo, ibandikeni hapohapo kwa gundi. Alikuwa anaumwa nini. Alimeza vidonge vingapi kwa siku. Siku ya ngapi mambo yaligeuka. Kilionekana nini, mkojo, macho, ngozi, usingizi, pumzi. Alitibiwa wapi, na kama aliongezewa damu. Habari ya kusikia iandikwe kuwa ya kusikia, na jina la aliyeisema. Ukurasa wa mwisho uwekeeni orodha fupi ya dawa ambazo daktari amekataza, kwa nani, na daktari yupi alisema. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu walioko Kisangani, Bukavu na Lubumbashi, kwa sababu daftari huliwa na mchwa na nyumba huvuja. Na binti anapoolewa, kabla hajapanda treni au pikipiki kwenda ukweni, akae na mama yake anakili kurasa zote za ujombani, aende nazo pamoja na vyombo vyake, na siku ya kwanza ya kliniki ya mimba azifungue mbele ya mkunga.